Mdudu wa pembe ndefu, mwizi aliye ndani ya shina la kahawa



Juma hili nataka tuzungumze juu ya mdudu ambaye watoto wetu wanamfahamu kuliko sisi wakubwa. Anatokea hasa mvua inapoanza. Usiku anafuata mwanga wa taa mpaka ndani ya nyumba, na ukimshika mgongoni analia kii, kii, kama mlango usiopakwa mafuta. Kichwani ana nyuzi mbili ndefu zilizopinda kwenda nyuma kama pembe za beberu. Wavulana wanamfunga uzi mguuni na kumrusha. Wadudu wenye gamba gumu mgongoni huitwa mbawakawa, na huyu wa leo ni mbawakawa wa pembe ndefu. Jamii yao ni kubwa sana: aina zaidi ya 30,000 zimekwisha kuandikwa duniani.

Kama ingekuwa habari ya mchezo wa watoto tu, nisingechukua nafasi ya karatasi hii. Lakini mmoja wa jamii hiyo anakula miti yetu ya kahawa arabika ingali imesimama, na anaila mahali ambapo watu hawachungulii: ndani ya shina, chini kabisa, karibu na udongo. Siku mwenye shamba anapoona majani yamegeuka manjano, mdudu amekwisha kufanya kazi miezi mingi. Na mti huo ndio ulikuwa minervali ya mtoto wa sekondari, ndio ulikuwa dawa, ndio ulikuwa sabuni.

Tuanze na zile pembe. Si pembe, ni vipapasio. Kwa hivyo mdudu anapapasa na kunusa: ananusa mti anaoutaka na mwenzake wa kuzaa naye. Dume huwa na vipapasio virefu kuliko jike, na kwa aina nyingine vinapita urefu wa mwili mara mbili. Ile sauti nayo haitoki mdomoni. Anasugua sehemu mbili ngumu za mwili wake, shingoni na mgongoni, kama mtu anayekwaruza meno ya kitana kwa ukucha. Anafanya hivyo kumshtua aliyemshika. Hana sumu wala mwiba. Ana taya lenye nguvu tu, linaloweza kubana kidole cha mtoto asiyejihadhari.

Maisha yake yana hatua nne, kama ya kipepeo: yai, buu, bundo, na mwisho mdudu mzima. Buu ndiye yule mnyoo mweupe, mnene kichwani na mwembamba nyuma, bila miguu ya kumfaa, mnayemkuta mnapopasua kuni. Bundo ni hatua ya kulala na kugeuka. Sisi tunamwona mdudu mzima na kudhani huyo ndiye, lakini yeye anaishi majuma au miezi michache tu. Sehemu kubwa ya umri wake imepita gizani akiwa buu, akitafuna mti. Huko Ulaya iko aina moja inayokula mbao kavu za paa la nyumba, na buu wake anaweza kukaa ndani ya mbao miaka mitatu, mitano, wakati mwingine hata kumi, kabla hajatoka.

Na wengi wao si adui. Mti mkubwa ukianguka msituni, mabuu hawa ni kati ya wa kwanza kuingia na kuuvunja-vunja, pamoja na mchwa na uyoga, mpaka unakuwa udongo tena. Yule ndege kigong'ota mnayemsikia akipiga mti asubuhi, mara nyingi ni wao anaowatafuta. Katika misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati yuko mmoja mwenye urefu wa sentimita 7 hivi, na vipapasio vyake vinafanana na vijiti vikavu. Watoto wakimleta nyumbani, msimwue bure. Hana habari na shamba lenu.

Wa kahawa ni mwingine. Ana urefu wa sentimita 3 hivi, kichwa cheusi-cheusi, na mgongo mweupe wenye madoa ya giza. Jina lake la kitaalamu, leuconotus, maana yake kwa Kigiriki ni mgongo mweupe. Hakutoka ng'ambo. Ni mdudu wa Afrika, anajulikana katika nchi za kahawa kuanzia kwetu na Uganda mpaka kusini ya bara, na chakula anachokipenda ni arabika, yaani kahawa ya milima kama hii ya Lubero na ya miteremko ya Ruwenzori.

Fuateni mwendo wake, kwa maana dawa yote iko humo. Mvua inapoanza, mdudu mzima anatoka ndani ya mti kwa tundu la duara linalotosha kupitisha penseli. Kwa siku chache anakula ganda la vijiti laini, kiisha wanakutana dume na jike. Halafu jike anashuka kwenye shina. Anatafuna ufa mdogo katika gome, anaweka yai moja, anasogea, anaweka lingine. Karibu mayai yote anayaweka katika nusu mita ya kwanza kutoka ardhini, yaani kutoka kwenye udongo mpaka kama gotini mwa mtu mzima au kupita kidogo.

Baada ya majuma matatu hivi yai linapasuka. Buu mdogo haingii ndani ya mti mara moja. Kwanza anakula chini ya gome, akishuka kuelekea mizizi na kulizunguka shina kama mshipi kiunoni. Hapo ndipo hatari. Chakula ambacho majani yanakitengeneza kwa jua kinashuka kwenda mizizini kwa njia iliyo chini tu ya gome. Mshipi ule ukikamilika, njia imekatwa na mizizi inakufa njaa. Mti mchanga, wa mwaka mmoja au miwili, unaweza kufa kwa buu mmoja. Mti mkubwa unavumilia, lakini unadhoofika: majani yanageuka manjano, yanaanguka, matawi yanakauka kutoka ncha, na kahawa inayoshikwa inakuwa michache na myepesi.

Akiisha kukua, buu anatoboa na kuingia katikati ya shina, na huko anapanda na kushuka. Anayotafuna anayasukuma nje. Ndiyo ule unga wa mbao, kama wa pale wanapopasua mbao kwa msumeno, unaorundikana chini ya mti. Kwa jumla, kutoka yai mpaka mdudu mzima ni mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Fanyeni hesabu: mdudu atakayewatobolea mti katika mvua zijazo aliwekwa humo kama yai wakati mtoto aliye sasa darasa la tatu alikuwa angali darasa la kwanza.

Nimeandika habari hii kwa mama, si kwa mabwana, kwa sababu moja. Nani anapalilia kahawa? Nani anainama chini ya mti, jembe mkononi, macho yakiwa kwenye udongo? Bwana anaona mti kwa juu, anapopita kukagua na siku ya mavuno. Mama anauona kwa chini, pale ule unga unapoanguka. Kwa hiyo habari ya kwanza ya mdudu huyu inampita mama kabla ya mtu mwingine yeyote, na mara nyingi anaifagia kwa jembe bila kujua ilikuwa ni barua.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Wazee wa Beni hawajasahau tracheomycose, ule ugonjwa ulioangamiza robusta katika miaka ya 1990. Familia zilizokuwa tajiri kwa kahawa zilibaki na kuni, na wengi baadaye wakageukia kakao. Tangu hapo, mti wowote wa kahawa ukikauka watu husema: tracheo imerudi. Wanakata tamaa na kuacha. Lakini tracheo ni kuvu, na hapa kwetu ilishika robusta. Namna ya kupima ni rahisi. Chukua kisu, kwangua gome kidogo chini ya shina. Ukikuta mti wa ndani una rangi ya bluu inayoelekea nyeusi, hiyo ni kuvu. Ukikuta matundu, vijia vilivyotafunwa na unga wa mbao, huyo ni mdudu. Kwa kuvu hakuna la kufanya kwa mti ule ila kuung'oa na kuuchoma. Kwa mdudu, mti ambao haujazungushwa mshipi wote unaweza kuokolewa.

Na yako maelezo ya tatu, ambayo mimi ninayaogopa kuliko kuvu na mdudu. Shamba la mtu mmoja linageuka manjano, la jirani ni kijani, na jirani huyo ni mjane, au ni mwanamke mzee asiye na mtu wa kumtetea. Maneno yanaanza kidogo-kidogo kisimani, yanafika kwenye kikao cha ukoo. Mnajua yanakoishia. Kabla jina la mtu halijatajwa, kikundi cha mama kinaweza kwenda shambani na kisu na mpanga, kupasua mti mmoja uliokufa mbele ya watu, na kuwaonyesha buu. Ni neno la robo saa. Kwamba shamba moja linashikwa na lingine linapona ni jambo la kawaida kwa mdudu huyu: jike haruki mbali sana akipata miti ya kutosha karibu, na shamba lenye miti mizee yenye magome yaliyopasuka-pasuka linamvutia kuliko lenye mashina laini.

Sasa kazi. Ichukueni kalenda ya mvua zetu: mvua zinazoanza kuelekea Machi, na zile za kuelekea Septemba. Kabla ya kila moja, pita mti kwa mti. Ondoa majani na udongo ulioegemea shina, tazama kutoka ardhini mpaka juu ya goti. Ukiona unga mbichi kwenye tundu, buu yumo. Ingiza waya, kama ule wa breki ya baiskeli, usukume taratibu ukifuata kijia chake mpaka umtoboe. Utahisi ulaini, na ncha ya waya itarudi na majimaji. Hapo hapo sugua shina. Chukua gunzi la mahindi au kipande cha gunia la katani, sugua gome lililokauka na kulegea mpaka shina liwe laini, bila kuchubua gome la kijani la ndani. Jike anatafuta nyufa. Akikosa nyufa, mayai yake yanabaki wazi, yanakauka au kuliwa na siafu. Ni kazi nyepesi, hata mtoto wa miaka kumi anaiweza baada ya masomo, na kikundi cha mama kumi kinamaliza shamba dogo kwa asubuhi moja, zamu kwa zamu kama mnavyofanya katika kulima.

Mti uliokwisha kukauka hauponi. Ung'oeni pamoja na kisiki, kabla ya mvua. Na hapa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika.

Kahawa iliyokufa tunaipeleka wapi? Jikoni. Ni kuni nzuri, inawaka vizuri, na makala yamekuwa ghali. Tunaipanga nyuma ya nyumba, ikauke, tuitumie kidogo-kidogo kwa miezi mitatu au minne. Ndani ya kuni hizo mabuu wakubwa na mabundo wanaendelea na safari yao kama kwamba hakuna kilichotokea. Hawahitaji mti uwe hai. Mvua ya kwanza ikinyesha, wanatoka katika rundo la kuni na kuruka kwenda kwenye kahawa iliyo mita ishirini na jiko. Tumeng'oa mti kwa jasho na kumhifadhi mwizi kwetu.

Sisemi mtupe kuni. Ninasema kuni za kahawa ziwe za kwanza kuingia motoni, siku zile zile, kabla ya mikaratusi na kuni nyingine zote. Zile zisizoweza kumalizika kabla ya mvua, hasa visiki na sehemu ya chini ya shina iliyo na matundu, zichomeni shambani. Sehemu ya juu na matawi yasiyo na matundu hayana hatari hiyo kubwa, yanaweza kungoja.

Kwamba mdudu huyu anasafiri ndani ya mti kuliko kwa mabawa, dunia nzima ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1996, katika mtaa wa Brooklyn, New York, watu waligundua miti ya barabarani imetobolewa na mbawakawa wa pembe ndefu kutoka Asia. Alikuwa amefika ndani ya mbao za masanduku ya bidhaa. Mwaka 1998 alionekana Chicago. Maelfu ya miti ilikatwa. Baada ya hapo, mwaka 2002, nchi ziliwekeana kanuni: mbao za kufungia bidhaa zinazovuka mipaka lazima zichemshwe kwa joto mpaka katikati ya mbao ifike digrii 56 kwa dakika 30, au zitiwe dawa ya moshi, kiisha zipigwe muhuri.

Muhuri huo mnao hapa Butembo. Bidhaa za wafanyabiashara wetu kutoka Dubai na China zinapofika, zile pale za mbao zinazobebea mizigo zinauzwa kwa mafundi na kwa wapishi. Tazameni pembeni: kuna mchoro wa suke la ngano na herufi IPPC. Ukiona pia herufi HT, mbao hiyo ilipashwa joto. Ukiona MB, ilitiwa gesi ya sumu. Mbao ya MB msipikie, na watoto wasiichezee.

Kuhusu dawa za kuua wadudu nitasema machache. Zamani mashina ya kahawa katika nchi nyingi yalipakwa dieldrin. Iliua mdudu kweli, lakini ilikaa katika udongo, ikaingia katika maziwa ya wanyama na ya mama wanaonyonyesha. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipiga marufuku. Kwa hiyo akija mtu na chupa isiyo na karatasi ya maandishi akisema ni dawa ya zamani yenye nguvu, mwacheni aende nayo. Agronomo wa koperative yenu, kama mnauza kwa Kawa Kanzururu au kwa nyingine, ndiye wa kuulizwa kwanza.

Linabaki neno gumu. Wapo mama wengi wa upande wa Beni ambao tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza, wameacha mashamba mara moja, mara mbili, mara tatu. Wanarudi baada ya misimu na kukuta miti mingi imekauka. Miaka miwili bila mtu shambani ni kizazi kizima cha mdudu huyu, kimekua na kutoka bila waya wala gunzi. Kwa shamba kama hilo, msianze na miti iliyokufa. Anzeni na iliyo hai: isuguliwe na kukaguliwa yote, ndipo mng'oe iliyokauka. Mkianza kung'oa, nguvu zitakwisha na mvua itawakuta. Mche mpya wa arabika unachukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo kila mti mzee uliookolewa ni mavuno matatu.

Tena yuko mama anayeona unga chini ya mti lakini hana ruhusa ya kung'oa, kwa sababu shamba ni la bwana au la ukoo wa bwana. Kwake nashauri hivi: asiombe kung'oa. Amwite bwana aje aone buu mmoja akitolewa kwa waya. Mabwana wengi hawabishani na kitu kinachojinyonga-nyonga mkononi, na kusugua na kutoboa kwa waya hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Mama mmoja wa kikundi aliniuliza kama buu wa kahawa analiwa, kwa sababu anafanana na mpose wa mawese. Hapana, si mmoja. Mpose ni mtoto wa mbawakawa mwingine, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga, anayeishi katika michikichi. Mabuu wa pembe ndefu nao huliwa katika nchi mbalimbali. Lakini wa kahawa, kama shamba lako au la jirani liliwahi kutiwa dawa, wape moto, si watoto. Kama una hakika shamba halijapata dawa, kuku watawafurahia sana.